Kilemba cha Gembul

Kitu cha kwanza kilichokwenda kombo kilikuwa kidogo sana, hata Poniran akakicheka: paka alikubali kuvaa kofia.

Mtu ambaye hajawahi kumvisha paka kofia atauliza, kuna ajabu gani hapo. Lakini Poniran alikuwa anamjaribishia Gembul kofia tangu asubuhi, na ushahidi alikuwa nao kwenye mikono yote miwili, umeandikwa kwa kucha. Kofia ya gazeti ilichanwa kabla uzi haujafika kidevuni. Ile ya kipande cha suruali kuukuu Gembul aliivua kwa miguu ya nyuma, kisha akaikojolea, taratibu, huku anamtazama fundi usoni. Poniran alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Nusu ya umri wake amewapikia mabaharia wa kila rangi na kila tusi, na hakuna aliyewahi kumshinda. Sasa alikuwa amekaa sakafuni nyumbani kwake, kijijini Bantul, kisiwani Jawa, anashindwa na mnyama anayeenea kwenye sufuria.

Kofia ya tatu ilikuwa ya batiki. Na hii haikuwa kofia tu, ilikuwa kilemba hasa, kile cha Kijawa kinachovaliwa na walinzi wa ikulu: mikunjo iliyolaliana mbele, kinundu kisogoni. Alikikunja juu ya kifuu cha nazi, akakigandisha kwa uji wa muhogo, akakitoboa matundu mawili ya masikio. Kilitoka kimepinda upande, na kinundu kilizidi ukubwa, ungedhani paka amepigwa mwiko. Lakini Poniran alipokisogeza, Gembul hakutoa kucha. Alikaa kitako, akafumba macho, akainamisha kichwa polepole, kama mtoto anayesubiri kusukwa nywele.

Poniran alicheka. Kisha kicheko kikamkwama, akalia mpaka uzi ukamtoka mkononi.

Kilemba hicho kilikuwa ahadi. Binti yake, Ningrum, mtoto wao wa pekee, alikuwa amemwomba kwa simu ya video, Poniran akiwa melini. Kwenye maandamano ya sikukuu ya uhuru, mwezi wa Agosti, watoto wote wa kijiji hujipamba, na yeye Ningrum alikuwa ameshajipangia kuwa binti wa ikulu.

"Na Gembul atakuwa mlinzi wangu," alisema. "Lakini Mama anasema hana muda wa kumshonea paka."

"Nitamshonea mimi."

"Wewe, Baba? Unajua kushona?"

"Nimeshona kuku wangapi wenye wali tumboni."

"Gembul si kuku."

"Sawa. Akizidi kunenepa tutaona."

Ningrum alicheka hadi simu ikamponyoka, na kilichobaki kwenye kioo cha simu ya Poniran kilikuwa dari na kicheko. Hakumsikia tena. Homa ya kidingapopo ilimchukua mtoto meli ikiwa katikati ya bahari, na meli haigeuzwi kama baiskeli. Prapti, mkewe, ndiye aliyempigia. Alilia kwanza, kisha akamwambia, "Alikuita, Baba Ning. Neno lake la mwisho lilikuwa 'Baba'." Poniran alilibeba neno hilo hadi nyumbani. Siku nyingine lilikuwa dawa, siku nyingine lilikuwa kisu, na siku nyingi lilikuwa vyote viwili kabla ya chakula cha mchana. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Basi akakaa kushona. Mtu aliyekosa mazishi ya mwanawe atafanya nini kingine?

Prapti alirudi kutoka kwa jirani, ana kapu la nazi kwa ajili ya arobaini iliyokuwa inakaribia. Alimwona paka mlangoni, akasimama.

"Hicho kitambaa umekitoa wapi?"

"Kabatini, chini kabisa, kwenye mfuko wa plastiki. Nimekata pembe tu. Si shuka kuukuu?"

Prapti aliweka kapu chini taratibu, nazi moja ikabiringika hadi uani, na wala hakuifuata.

"Ndiyo," alisema. "Kuukuu."

Magharibi ile, kama kila magharibi, kijiji kiliwaita watoto ndani. Ni saa ambayo kule hakuna anayemwacha mtoto uwanjani, maana mwanga unapokwisha na giza halijafika, vipo vinavyotembea. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Poniran alikuwa anawasha taa aliposikia harufu ya mafuta ya mkaratusi, yale ya kumpaka mtoto mwenye homa. Harufu ilikuwa mbichi, kama mtu amefungua chupa sasa hivi.

"Unaumwa?" alimwuliza mkewe.

Prapti alitikisa kichwa. Naye alikuwa anainusa.

Gembul aliinuka. Alipita katikati yao na kilemba chake kilichopinda, akaenda hadi kwenye chumba cha Ningrum, akaingia chini ya pazia la mlango. Pazia likatulia. Halafu nyuma yake, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeamshwa usingizini, pakasemwa:

"Baba? Umefika?"

Kibiriti kiliungua mpaka kikamchoma Poniran vidole, na hakukitupa.

"Nimefika," alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nimechelewa, mwanangu."

"Najua. Sijakasirika."

Prapti alikuwa ameshapiga magoti, kanga ameiuma kwa meno ili asipige kelele. Hakuna aliyefunua pazia. Hawakuambiana wasifunue, ila kila mmoja alijua kwamba nyuma yake ataona paka, na hakuna kati yao aliyetaka kuona paka.

Ikawa ndiyo ada ya nyumba. Mchana Gembul alilala chini ya kitanda cha Ningrum, hagusi samaki, hagusi maji, panya wakimpita puani. Mwanga ukianza kufa aliinuka, na mkaratusi ukanuka, na sauti ikaanza. Iliuliza habari za bahari. Ilikumbuka kuku wenye wali, ikacheka kicheko kilekile cha kuangusha simu, na Poniran akachekea pazia, huku machozi yanamwingia mdomoni. Alikuwa mtu wa utani tangu utoto, alishawachekesha hata maofisa wa forodha, lakini hajawahi kuwa na msikilizaji kama huyu. Kila alichokuwa na hamu ya kukisikia, alikisikia. Kila lililomuuma, lilipozwa kabla hajalitaja.

Jirani yao Sarjono alipita siku moja kuchungulia, akamwona paka.

"Kaka Poniran, huyo mlinzi wa ikulu mbona amekonda hivyo? Sultani hamlipi?"

"Yuko kwenye saumu," alisema Poniran, akamfungia mlango kabla mwenzake hajamaliza kucheka. Hakuwahi kumfungia mtu mlango katikati ya utani. Alibaki anautazama ule mlango, akashangaa ni mkono wa nani uliosukuma.

Kisha sauti ikaanza kumtaka Prapti.

"Mama aje alale na mimi," ilisema. "Huku niko peke yangu."

Prapti alikwenda. Poniran alimsikia akijilaza kwenye kitanda kidogo nyuma ya pazia, akimwimbia, na kitu kikiunguruma pamoja na wimbo, na ule mngurumo ulikuwa mpana kuliko kifua cha paka. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama samaki wa jana. Magharibi iliyofuata alikwenda tena. Alianza kuacha chakula. Akawa anasahau majina ya vitu, anaita kijiko "kile cha kuchimbia". Siku Poniran alipomsaidia kuvaa, aliona madoa mekundu madogomadogo yamemtapakaa mikononi na kifuani, yaleyale ambayo daktari aliyaona kwa Ningrum, na paji lake lilikuwa linawaka.

"Twende hospitali, Mama Ning."

"Magharibi imekaribia. Ataamka asinikute."

Poniran alisimama na shati la mkewe mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi aliogopa, si woga wa kushtuka unaokuja ukapita, bali ule unaoanzia kwenye nyayo na kupanda polepole, ukipita magotini na tumboni na kila mahali unapopita unaacha baridi, maana alielewa kwamba yule wa nyuma ya pazia hakuwa amekuja kumfariji yeye, faraja ilikuwa chambo tu, chambo alichokimeza mwenyewe kwa furaha huku ndoano ikiingia kwa mkewe, na kwamba hata sasa, akijua hivyo, akimwona Prapti anayeyuka mbele ya macho yake, kuna sehemu yake iliyokuwa inatazama dirishani kupima jua limebaki kiasi gani, ili asikie tena akiitwa Baba.

Aliyefika kabla ya jua kuzama alikuwa Bibi Kemi, mwoshaji wa maiti za wanawake pale kijijini, kikongwe mfupi mwenye mdomo mwekundu kwa tambuu. Alikuja kwa ajili ya masufuria ya arobaini. Alipovuka kizingiti alinusa, akatema tambuu uani, akaingia moja kwa moja hadi kitandani kwa Ningrum, akainama.

"Nani kamvalisha huyu?"

"Mimi, Bibi."

"Kwa batiki hiyo?"

"Kuna ubaya?"

"Muulize mkeo."

Prapti alikuwa amelala kwenye mkeka. Alijifunika uso kwa kiganja.

"Ilikuwa na harufu yake, Bibi," alisema. "Nikasema nikae nayo siku moja tu. Halafu siku moja nyingine."

"Shuka gani hiyo?" aliuliza Poniran.

"Iliyomfunika mwanao nilipokuwa namwosha," alisema Bibi Kemi. "Desturi unaijua, au bahari imekusahaulisha? Shuka ile hupewa mwoshaji, kwa mkono. Nusu ya nguo zangu zimetoka kwa wafu, sijui hata duka la batiki liko wapi. Nazifua mtoni, kisha nazitia kazini: zibebe kuni, zifute jasho, zikalie vumbi, mpaka zisahau. Huyu mama hakunipa, nami nikamwonea huruma nikanyamaza. Kosa langu hilo. Shuka isiyopewa mtu hubaki na kazi yake ya mwisho. Hukaa wazi kama nyumba isiyo na mlango, na wapita njia huwa hawapigi hodi."

"Si mpita njia. Ni Ning. Ananijua, Bibi. Anakumbuka hata utani wa kuku."

"Wewe unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Basi ameutoa humo humo." Alimgusa kifuani kwa kidole. "Mwanao nilimwosha kwa mikono hii. Amelala vizuri, hana shida na kilemba. Huyu ni jini, jina lake silijui wala silitaki. Aliyekata ndiye atakayevua, na aliyeficha ndiye atakayenikabidhi. Na ufanye hivyo anapokuwa macho, maana akilala amejificha. Atasema. Usimjibu."

Walimtoa Gembul chini ya kitanda, wakamweka sebuleni. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Bibi Kemi alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, akaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya chini. Mwanga dirishani ukawa wa kijivu. Harufu ya mkaratusi ilipanda, safari hii nzito mpaka inachoma macho, na chini yake ilikuwepo harufu nyingine, ya maji yaliyolala.

Paka alifumbua macho.

"Baba," ilisema sauti, na sasa hapakuwa na pazia. Mdomo wa Gembul haukutikisika. "Mbona Bibi amekaa mlangoni?"

Poniran alipiga magoti. Alipeleka vidole kwenye fundo la uzi chini ya kidevu, fundo alilolifunga mwenyewe kwa furaha.

"Usinivue, Baba. Ukinivua nitakufa tena." Sauti ilishuka ikawa ya kunong'ona. "Na safari hii utakuwepo."

Vidole vilisimama. Kutoka mlangoni Bibi Kemi aliongeza sauti kidogo, hakugeuka.

"Hukuniona nilivyokuwa naumwa. Hukunishika mkono. Mimi sikukasirika, hata kidogo. Nilikuita wewe tu. Neno langu la mwisho lilikuwa 'Baba'. Si Mama alikuambia?"

Kilio kilimtoka Poniran bila yeye kukiruhusu. Mikono yake ilishuka. Alikuwa tayari kujibu, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, aliposikia mkeka ukikwaruza. Prapti alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Hakusema hivyo," alisema.

"Mama Ning, usi..."

"Hakukuita, Baba Ning. Nilitunga mimi. Ulikuwa baharini peke yako, ningekuambia nini? Nilikutungia upate kitu cha kurudi nacho." Alimwelekezea paka kidole. "Mwanangu hawezi kukumbuka neno ambalo hakulisema. Huyo hajatoka kwa Ning. Ametoka kwako."

Kisomo kikakatika. Halafu sauti ikasema, "Mama anadanganya," lakini ilisema vibaya, maneno yakaanza ya mtoto yakaishia mazito. Ikarudia, "Mama anadanganya, Mama anadanganya," kila mara ikinenepa na kushuka, mpaka Poniran akaitambua, akaona nywele za mkononi zinamsimama: ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya kilio chake mwenyewe, ileile aliyoilia usiku kucha kwenye kitanda cha meli akiwa amefunika uso ili wenzake wasimsikie.

Alikata fundo kwa meno.

Kilemba hakikutoka kama kofia. Kilitoka kama ngozi, kwa kubanduka, na Gembul alilia kilio ambacho Sarjono, nyumba ya pili, alisema baadaye alidhani ni mtu. Sauti kama ya shuka iliyoloa ikikamuliwa ilizunguka chumba kizima, masufuria ya jikoni yakagongana, mlango wa nyuma ukajifungua na kujipiga ukutani, na kwenye uwanja migomba iliinama yote upande mmoja ingawa hapakuwa na upepo. Kisha hapakuwa na harufu yoyote.

Prapti alikiokota kile kitambaa kwa mikono miwili. Akaichukua na shuka iliyobaki, akaenda, huku anashikilia ukuta, hadi kizingitini. Hapo alisita. Aliuinua ule mzigo hadi puani, akavuta pumzi ndefu mara moja, na Bibi Kemi akamsubiri. Kisha akampa.

"Nimepokea," alisema kikongwe, akajifunga shuka kiunoni palepale, ikiwa imekatwa pembe, akaondoka nayo kuelekea mtoni.

Homa ya Prapti ilishuka taratibu, hospitali ikamalizia kazi. Gembul alirudi kula, akarudi kuwa mnyama wa hovyo wa kuiba samaki, ila kichwani kwake lilibaki duara lisilo na manyoya, pale kilemba kilipokaa, na manyoya hayakuota tena. Wageni waliuliza. Poniran aliwaambia amezeeka, ana upara wa urithi. Watu walicheka, naye akacheka nao.

Alasiri moja walikuwa wawili tu ndani. Joto lilikuwa limeibana nyumba. Prapti alikuwa ameegemea ukuta, bado mnyonge, na Poniran alikuwa amemwelekezea feni, akaiweka mwendo wa juu kabisa, akakaa anamenya vitunguu ingawa hawakuwa na haja ya vitunguu vingi kiasi kile.

"Mama Ning," alisema, hakuinua uso. "Alisema nini?"

Feni ilikuwa inamrusha Prapti nywele kidogo kwenye paji.

"Si kitu kikubwa."

"Niambie hivyo hivyo."

"Alisema, 'Mama, feni. Naona baridi.'" Aliitazama ile feni. "Nikainuka kuizima. Nilipogeuka, basi."

Poniran aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye aproni yake ya jikoni, mmoja, kisha mwingine. Aliinuka, akaenda hadi kwenye feni, akaizima, na akasimama hapo na mkono juu yake mpaka mapanga yakazunguka mara ya mwisho yakatulia.

Kisha akageuka. Prapti alikuwa bado yupo, anamtazama. Akarudi akakaa karibu naye, bega kwa bega, na jasho likaanza kuwatoka wote wawili, na hakuna aliyesema iwashwe.